Tupeane uzoefu: wazee wenu waliwasimulia nini kuhusu lile jimbo moja la Kaskazini na kura za jembe na nyumba?

Wakuu habari za jioni. Juzi tulikua msibani Old Moshi, tumeshazika, tumekaa kwenye migomba na wazee mbege inazunguka, vijana wakaanza kubishana mbunge yupi kafanya nini na yupi haonekani, mara babu mmoja akawakata akasema nyie mna deko, sisi jimbo letu lilianzia Rombo likapita Arusha likaenda Mbulu mpaka Kiteto huko, nani angemwona nani. Nikajua mbege imeshamkolea mzee. Kumbe mimi ndo sijui kitu.

1958 Mwingereza bado yupo, ndo uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na jimbo lilikua ni Kaskazini nzima, yaani Moshi, Arusha, Masai na Mbulu (Wapare hawakuwemo, wao walihesabiwa Tanga). Nimekaa nikahesabu kwa leo, hilo eneo lina majimbo 20! Wakati ule wawakilishi watatu tu: Solomon Eliufoo wa Machame kwa Waafrika, Derek Bryceson kwa Wazungu, huyu alikua mkulima wa huku kwetu, na Sophia Mustafa, mama wa Kihindi wa Arusha, kwa Waasia.

Babu yangu mzaa baba alipiga kura ile. Alikua kamaliza darasa la nane basi ikatosha, maana bila hiyo elimu ulitakiwa uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka au uwe na cheo kinachotambulika, na hizo paundi nani wa kihambani alikua nazo. Sasa ukishaingia lazima uchague watu watatu, mmoja kwa kila rangi, ukiruka mmoja kura yako yote imeharibika. Babu alikua akisimulia anacheka mpaka anakohoa, anasema mimi sijawahi hata kukaa meza moja na Mzungu lakini siku ile nimemchagua aende Dar akanitungie sheria. TANU yenyewe ilitaka kususa hiyo kitu, ndo Nyerere akawabembeleza kule Tabora Januari 1958 wakakubali kwa shingo upande, Zuberi Mtemvu akagoma akatoka TANU akaenda kuanzisha chama chake, ANC.

Haya, na nyie mlisimuliwa nini? Mwageni.

Mjukuu wa Mbulu, Ngarenaro
Mkuu umenigusa, mimi kwetu ni Mbulu ila nimekulia hapa Ngarenaro. Kwetu ukitaja 1960 wazee wanakaa vizuri kabisa kwenye kiti. Mwaka huo majimbo yakawa yamekatwa, viti 71 nchi nzima, TANU ikachukua 70, hicho kimoja kilichobaki ni cha kwetu! Herman Sarwatt alikua mwanaTANU ila chama kikamsimamisha mtu mwingine, yeye akasimama kama mgombea binafsi na watu wakampa. Baba alikua mdogo, anakumbuka tu wakubwa wanasema sisi hatuchaguliwi mtu. Mpaka leo mjomba wangu mmoja ukimbishia kitu chochote, hata bei ya vitunguu, anakujibu "sisi ni watu wa 70 kwa 71" alafu ananyanyuka anaondoka.

Wa Leguruki
Mi niseme tu kabla ya hao wote sisi Wameru tulikua na mwakilishi ambaye hakuna mtu alimpigia kura ya kwenye sanduku. 1951 watu walitolewa Engare Nanyuki wakachomewa nyumba ili ardhi wapewe walowezi, 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kwenye Umoja wa Mataifa kutusemea. Hela ya safari ilichangwa na watu wenyewe. Bibi yangu alikua anasema alitoa jogoo wawili, siku nyingine anasema watatu, akiwa na hasira na babu wanafika hadi watano na mbuzi juu. Ardhi haikurudi kipindi kile lakini alikua akisema kwa mara ya kwanza aliona jina la Meru limefika mahali ambapo DC hawezi kulifuta. Mbunge wa sasa unampigia simu hapokei.

Laiyoni wa zamani, Monduli
Hapo kwenye Masai ngoja niongezee. Baada ya hilo jimbo kubwa kukatwa likaja jimbo la Masai, nalo halikua dogo aisee, Monduli, Longido, Ngorongoro, Simanjiro, Kiteto yote humo. 1965 Edward Sokoine akaingia bungeni kwa jimbo hilo, hata miaka 30 hajafika. Mzee wangu alikua anachunga, anasema zilikua zinapita wiki na wiki hujui serikali iko wapi, alafu siku moja unakuta Landrova imesimama kwenye kisima na mbunge kakaa chini na wazee wanaongea ng'ombe. Sio siasa, ng'ombe. Alivyokua Waziri Mkuu ndo watu wakaanza kumwonea aibu kumfuata na shida ndogondogo.
Tarehe 12 Aprili 1984 mimi nilikua darasa la tano. Tulisikia redioni jioni, Nyerere mwenyewe anatangaza Sokoine kafariki kwa ajali ya gari Dakawa. Baba alizima redio, akatoka nje, akasimama na ng'ombe zizini mpaka giza. Hatukula. Siwezi kuielezea zaidi ya hapo.

Mama Kiborloni
Poleni. Mi ngoja niwachekeshe kidogo. Mama yangu alikua karani wa kituo enzi za chama kimoja, wagombea wawili wote wa chama hichohicho, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine ya nyumba, na kampeni wanazunguka pamoja gari moja jukwaa moja. Sasa akaja bibi mmoja kukaguliwa jina, akasema kwa sauti kituo kizima kinasikia kwamba nyumba hapana, yangu inavuja miaka miwili, nipeni jembe. Wakala wa nyumba akalalamika, wakala wa jembe akasema bibi kaongea ukweli, ikawa kesi. Mama anasema wengi walikua wanaangalia picha kuliko mtu, na mgombea akipangiwa nyumba roho inamdunda.

Mbishi wa Njiro
Mnasifia sana ya kale. Huyo babu wa mleta mada alipiga kura 1958 kwa sababu alisoma. Bibi yake je? Darasa la nane, paundi 150, hapo wanawake wangapi wa Uchagani wamebaki? Hiyo haikua demokrasia, ilikua mchujo.

Mleta mada
Mkuu Mbishi hapo umepiga penyewe na sina cha kubisha. Sophia Mustafa alikua mwanamke anaingia barazani kutuwakilisha, na bibi yangu pale nyumbani hana sifa hata ya kuandikishwa. Alikua anajua kusoma Biblia yote lakini shule aliishia la nne. Siku ile ya 1958 babu alivaa koti akaenda, bibi akabaki anakata majani ya ng'ombe, na babu aliporudi hakumwambia kitu kwa sababu eti kura ni siri.
Sasa 1965 bibi naye akapiga ya mbunge, jembe au nyumba. Kurudi babu akamuuliza umempa nani. Akamjibu kura ni siri. Babu aliuliza tena mwaka huo, akauliza mwaka uliofuata, akauliza na akiwa kitandani anaumwa. Bibi amefariki 1997, hakuna mtu kwenye ukoo wetu anayejua kama ilikua jembe au nyumba.