Naomba ushauri: fonti yenye mstari wa ndani kwa jalada la diwani

Msanifu Jalada

Ndugu wanajukwaa, ninasanifu jalada la diwani ya mashairi, nami nataka jina lake liandikwe kwa fonti ya mapambo ambayo ndani ya kila herufi nene hupita mstari mwembamba mweupe, kwa kuwa mstari huo huifanya herufi ionekane kama iliyochongwa kwa patasi. Nimebakiwa na tatu: Neuland Inline, Castellar na Bungee Inline. Jina litakuwa kubwa mbele, litarudiwa kwenye mgongo wa kitabu kwa herufi za kimo cha milimita 5, na picha ya jalada itaonekana mtandaoni ikiwa ndogo sana. Nichague ipi, na kwa kigezo gani?

Fundi Chapa

Ndugu mleta mada, anza na mgongo wa kitabu, maana upande wa mbele karibu fonti yoyote itapendeza. Pima unene wa mstari wa ndani ukiulinganisha na kimo cha herufi. Tuseme ni asilimia 3: herufi ya milimita 5 itapata mstari wa milimita 0.15, ilhali wapiga chapa wengi hutaka mstari mweupe ndani ya wino usipungue nusu pointi, yaani takribani milimita 0.18. Wino hutanuka unapoingia kwenye karatasi, hasa ile isiyo na mng'aro, kwa hiyo mstari utazibika katika baadhi ya herufi na kubaki wazi katika nyingine, jambo ambalo ni baya kuliko kuzibika kote. Skrini nayo ni vivyo hivyo: jina lenye kimo cha pikseli 20 litapata mstari wa pikseli 0.6, nao utageuka ukungu wa kijivu. Mgongoni tumia herufi zisizo na mstari.

Mpenzi wa Herufi

Vipimo hivyo ni sahihi, lakini Neuland ina jambo zito zaidi. Rudolf Koch aliitoa Ujerumani mwaka 1923, akiwa amezichonga herufi mwenyewe moja kwa moja kwenye chuma bila kuzichora kwanza, na ndiyo maana kingo zake zina uhai ambao fonti nyingi hazina. Hata hivyo, kwa miongo mingi wasanifu wa Ulaya na Marekani wameitumia kama alama ya Afrika, msitu na safari, wakiibandika kwenye majalada ya waandishi wa Kiafrika bila kujali kilichomo ndani. Diwani yako ikivaa herufi hizo, itahukumiwa kwa mazoea hayo kabla msomaji hajafika ubeti wa kwanza. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuiacha, ingawa umbo lake ni zuri kwelikweli.

Castellar ni kazi ya John Peters, iliyotolewa na kampuni ya fonti ya Monotype mwaka 1957. Ina herufi kubwa pekee, zinazofuata maandishi ya Kirumi ya kwenye mawe, na mstari wake haukai katikati: upande mmoja wa herufi ni mwembamba na mwingine mnene, kana kwamba mwanga unatoka pembeni. Iachie nafasi ya kutosha kati ya herufi. Ningeichagua hiyo.

Mjenzi wa Tovuti

Bungee ya David Jonathan Ross ilibuniwa kwa ajili ya mabango ya mjini, na ina tabaka unazoweza kupaka rangi tofauti; leseni yake ni huria. Kwa mashairi ya utulivu itapiga kelele mno. Castellar huenda tayari unayo kwenye kompyuta, lakini kuwa nayo hakukupi ruhusa ya kuipachika ndani ya kitabu cha kielektroniki, basi soma leseni kwanza.

Msanifu Jalada

Ninawashukuru sana. Nimeelekea Castellar mbele, na herufi za Kirumi zisizo na mstari mgongoni. Je, ikiwa jalada ni la rangi nzito na herufi ni nyeupe?

Mpenzi wa Herufi

Hapo mstari wa ndani utachukua rangi ya jalada, kwa hiyo palipokuwa mwanga patakuwa kivuli, na herufi haitaonekana tena kama imechongwa kwa namna ileile. Chapisha sampuli mbili kwa ukubwa halisi, moja ya herufi nyeusi na nyingine ya herufi nyeupe, ukitumia jina lenyewe la diwani. Zikague hasa M, W na alama ya ritifaa iwapo jina lina NG'.