Kilti ya harusini: pini ya mapambo ivaliwe, iachwe, au ihamie begani?

Msafiri wa Clyde

Wanajukwaa wapendwa, salaam. Ninaishi Glasgow, na rafiki yangu Mskoti anayefunga ndoa mwezi Oktoba ametuomba wasimamizi wake wote tuvae kilti, yaani lile vazi la sufu la wanaume wa Uskoti linalofanana na sketi. Vazi nitalikodi, lakini duka linasema kwamba ile pini inayochomwa kwenye kona ya chini, upande wa mbele, ni hiari ya mvaaji. Ninalinganisha njia tatu: kutovaa pini kabisa, kuvaa pini nyepesi isiyo na urembo, yenye umbo la pini ya kawaida ya nguo, au kununua pini ya mapambo yenye umbo la upanga, ua la mbaruti au nembo ya ukoo. Mke wangu naye anapendekeza nitumie pambo lake la fedha lililofuliwa Lamu, ambalo ni la duara na lina pini nyuma. Ningependa kujua ni lipi linalolifaa vazi, na lipi linaweza kuliharibu, kwa kuwa kilti si yangu.

Fundi Marinda

Ndugu Msafiri, nashukuru umeuliza kabla ya kuchoma kitambaa cha watu. Kazi yangu ni kushona na kurekebisha kilti hapa Edinburgh, kwa hiyo nitaanza na vazi lenyewe. Kilti haitegemei pini ili isifunguke. Kinachoishikilia ni mikanda midogo ya ngozi yenye bizimu kiunoni, na kinachoifanya itulie mwilini ni uzito wa sufu pamoja na marinda yaliyoshonwa nyuma. Mbele kuna mabapa mawili yasiyo na marinda, moja la ndani na jingine la nje, ambayo yanapishana, na lile la nje huishia upande wa kulia wa mvaaji kwa ukingo wenye matamvua. Pini huchomwa kwenye bapa la nje peke yake, kiasi cha sentimita 10 juu ya pindo na sentimita 5 kutoka kwenye matamvua. Mtu akiyachoma mabapa yote mawili kwa pamoja, kila anapoketi au kupanda ngazi vitambaa huvutana, bapa hukunjamana, na hatimaye sufu huchanika pale pale penye pini. Kilti nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa na tundu kwenye kona zimeharibiwa kwa njia hiyo, na tundu la namna hiyo kwenye kitambaa cha mirabaraba ni gumu kulificha, kwa sababu kila uzi wa kiraka lazima ulingane na mstari wake.

Baada ya hapo, uchaguzi unategemea kitambaa. Uzito wake hutajwa kwa aunsi kwa kila yadi. Sufu ya aunsi 16, hasa katika kilti ya yadi 8, yaani kama mita 7.3, hubeba pini yoyote ya kawaida bila kulegea. Ya aunsi 13 hubeba pini ya wastani. Ya aunsi 10 au 11 huvutwa na pini nzito hadi kona inaning'inia chini ya usawa wa pindo, na hapo mimi humshauri mteja aiache kabisa. Liulize duka uzito wa kitambaa kabla ya kununua chochote.

Bi Zuhura

Mimi niko Aberdeen, na ningemwomba Fundi asiupuuze upepo wa Oktoba. Mume wangu huvaa kilti, na bila pini hajisikii salama nje ya kanisa wakati wa kupiga picha. Hapa kwetu, ambako Balmoral, kasri la wafalme wa Uingereza, si mbali sana, husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimwona askari wa zamu akihangaika na kilti yake kwenye upepo, akachomoa pini yake mwenyewe na kumpa aifungie. Kwa hiyo pini ina sababu yake, na haikuanza kama urembo mtupu. Ninapendekeza ile nyepesi isiyo na urembo, ambayo hailemei kitambaa na haishindani na vazi la bwana harusi.

Mwalimu Kombo

Bi Zuhura, hadithi hiyo ni nzuri na nimeisikia mara nyingi, lakini inasimuliwa kwa sura nyingi mno, na hakuna ushahidi madhubuti wa wakati ule unaoithibitisha. Nisingeijengea uamuzi.

Lililo na ushahidi ni kwamba pini ya kazi katika vazi hili ilikuwa juu, mbali na kona ya chini. Kilti ya zamani, iliyovaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 16, ilikuwa kitambaa kimoja kirefu kilichofungwa kiunoni kwa mkanda, na sehemu yake ya juu ikapandishwa begani au kifuani na kushikizwa. Maelezo yaliyochapwa mwaka 1703 kuhusu visiwa vya magharibi vya Uskoti yanasema kwamba kitambaa hicho kilishikizwa kifuani kwa kijiti cha mfupa au cha mti. Hapo, ukiiondoa pini, nguo yenyewe inaporomoka. Kilti fupi tunayoijua leo ilienea katika karne ya 18, ikapita katika miaka ya marufuku ya mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti, kuanzia sheria ya mwaka 1746 hadi ilipofutwa mwaka 1782, na pini ya kona ikaja kuzoeleka baadaye kama pambo. Anayeiacha hatakuwa amevunja desturi ya kale, na huo ndio msimamo wangu: pini ya kona ni hiari kamili.

Lakini mavazi rasmi ya Uskoti bado yana nafasi ya pambo la fedha begani. Wapo wanaovaa mgolole mfupi wa kitambaa kile kile cha kilti, unaoteremka mgongoni na kushikizwa kwenye bega la kushoto kwa pambo kubwa la duara. Msafiri, ikiwa duka lako linakodisha mgolole huo, pambo la mkeo litakuwa limepata mahali pake halisi.

Mwana wa Kisauni

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu bega, ila nina neno kuhusu nembo za koo. Nembo iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu na kuandikwa kaulimbiu ni alama ya mtu anayemfuata mkuu wa ukoo fulani, na nembo yenyewe ni mali ya mkuu huyo. Mgeni akiivaa kwa sababu tu imependeza dirishani, anajitangaza kuwa mfuasi wa mtu asiyemjua. Nasi tunakotoka tunajua uzito wa kujivika alama ya nyumba ya wengine. Rafiki yako akikupa ya ukoo wake kwa mkono wake, ivae kwa heshima. Asipokupa, ua la mbaruti ni alama ya taifa zima na halimdai mtu nasaba. Upanga pia haumfungi mtu na ukoo wowote, ingawa kwangu mimi hauna maana kwenye ndoa.

Binti Mwambao

Niongeze jambo kwa akina dada, kwa sababu maswali haya huwafikia nao. Sketi ya mirabaraba ya wanawake yenye pini kubwa pembeni si kilti hii. Katika baadhi ya sketi hizo pini ndiyo inayofunga ukingo, na ukiitoa sketi inapanuka unapotembea. Ushauri wa Fundi wa kuchoma bapa moja unahusu kilti kamili yenye mikanda yake.

Msafiri wa Clyde

Nawashukuru sana. Duka limenijibu kwamba kitambaa ni cha aunsi 13 na kwamba mgolole wa begani unapatikana kwa kuongeza malipo. Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa maelezo ya bega. Mke wangu ameyasoma na ameyapokea kwa furaha kubwa. Nikivaa pambo la Lamu begani, je, bado niweke pini nyepesi kwenye kona kama anavyoshauri Bi Zuhura, au fedha mbili zitazidi?

Fundi Marinda

Iache kona. Pambo la duara begani, pochi ya kiunoni yenye mnyororo wake na vifungo vya koti vinatosha kwa macho ya mtu, na upepo hautazuiwa na kipini kilichochomwa kwenye bapa moja. Bi Zuhura anisamehe, lakini kinachoitunza heshima ya mvaaji ni kitambaa cha uzito wa kutosha na mikanda iliyokazwa barabara, pamoja na ile pochi inayolilalia bapa la mbele.

Jambo la mwisho la kuangalia ni ukali na unene wa sindano ya pambo hilo. Mapambo ya fedha ya mkono wakati mwingine yana sindano nene iliyokusudiwa nguo yenye mfumo mlegevu, ilhali sufu ya kilti imefumwa kwa kubana. Isukume taratibu katikati ya nyuzi bila kulazimisha, na ikigoma, mpelekee sonara aipunguze unene kabla ya siku ya harusi. Unapoivua, ichomoe kwa njia ile ile iliyoingilia, kisha usugue kitambaa kwa kidole ili nyuzi zirudiane.

Bi Zuhura

Nimekusamehe, Fundi. Mume wangu ataendelea na pini yake, lakini jioni hii nimeitazama, na kweli ilikuwa imechomwa mabapa yote mawili. Nimeihamisha.