Tupeane uzoefu: daktari anapong'atuka, anaanza kuacha nini na anabaki na nini?

Kipima_Mapigo (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa waliosomea udaktari ambao wako ukingoni mwa kazi au walishavuka. Kuhusu kuingia chuo cha tiba maandiko ni tele, kuhusu kutoka kazini ni machache mno. Hadithi za enzi zetu tuziweke kando. Leteni hatua, muda, makosa yanayotokea na sababu zake, ili aliyebakiza miaka mitano apate cha kushika.

Naanza na msimamo wangu. Daktari hastaafu kwa siku moja. Anapunguza kazi kwa mpangilio, na mpangilio huo unaongozwa na swali moja: uwezo wangu ukishuka, ni kazi ipi itakayomwumiza mgonjwa mapema zaidi? Hiyo ndiyo ya kuacha kwanza. Wengi hufanya kinyume. Wanaacha kufundisha, wanaacha vikao, wanaacha kliniki za marejeo kwa sababu zinachosha, kisha wanang'ang'ania chumba cha upasuaji kwa kuwa ndiko heshima iliko.

Ferdinand Sauerbruch alikuwa jina kubwa la upasuaji wa kifua duniani. Uzeeni akapata maradhi ya kusahau, na bado aliendelea kupasua Berlin kwa sababu wasaidizi wake waliogopa kumwambia. Aliondolewa Charité, hospitali kuu ya Berlin, mwaka 1949, wakati kulikuwa na wagonjwa waliokwisha kuumia. Sifa ya mtu ilizidi usalama wa mgonjwa. Hilo linaweza kutokea popote pale ambapo hakuna utaratibu ulioandikwa.

Sindano_Tatu

Mkuu umegusa penyewe. Kwa madaktari wa upasuaji mpangilio unaofanya kazi ni huu: zamu za usiku zinatoka kwanza, kwa sababu uchovu wa usiku unaongezeka na umri na dharura haichagui saa. Zinafuata operesheni ndefu na zile zinazofanywa mara chache kwa mwaka, maana mkono usiorudia kazi husahau. Kisha unabaki na zile fupi za kwenda na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwisho unaingia chumbani kama msaidizi wa kijana wako, yeye ndiye ameshika kisu na wewe umeshika ndoana ya kutanulia jeraha. Kliniki ya kufuatilia wagonjwa wako wa zamani inabaki hadi mwisho kabisa.

Kosa kubwa liko kwenye hesabu ya tarehe. Mtu anasema "naacha Desemba" na mpaka Novemba anapokea wagonjwa wapya. Hesabu inatakiwa kurudi nyuma. Daktari wa uzazi akimpokea mama mwenye mimba ya wiki 8, mbele kuna wiki 32 hadi kujifungua, na wiki 6 za baada ya hapo. Jumla ni wiki 38. Kwa hiyo mlango wa wajawazito wapya unafungwa karibu miezi tisa kabla ya tarehe yenyewe. Anayeanzisha dawa za kifua kikuu za kawaida ana miezi sita mbele yake. Aliyebadilisha nyonga ya mtu atahitaji kumwona tena karibu mwaka mmoja baadaye. Kila fani iwe na tarehe yake ya kufunga mlango, iandikwe ukutani na karani wa miadi aijue.

Mama_Wodi

Niongezee siku 90 za mwisho, maana ndipo mambo yanapoharibika kwa wenye kliniki zao binafsi.

Barua kwa wagonjwa iende miezi mitatu kabla. Iseme tarehe ya mwisho ya kazi, nani anapokea wagonjwa, faili zitakuwa wapi na mgonjwa afanyeje akitaka nakala. Kwa wale wasiosoma barua, tangazo libandikwe mlangoni na pale wanapochukulia dawa. Muuguzi awapigie wenye maradhi sugu mmojammoja. Mgonjwa wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiondoke kwako bila jina la mtu na tarehe ya kipimo chake kijacho cha damu kuganda. Akiondoka na ahadi tu kwamba "utaelekezwa", atakaa wiki sita bila kupimwa, na dozi iliyokuwa sahihi haitakuwa sahihi tena.

Sasa majibu ya maabara. Hapa naomba msome taratibu. Kipande cha nyama ya mgonjwa kilichotumwa patholojia, maabara inayochunguza nyama za mwili, siku ya Alhamisi ya mwisho kitajibiwa baada ya kliniki kufungwa. Vipimo vya kuotesha vimelea vya kifua kikuu huchukua hadi wiki 6 au 8. Karatasi ikirudi inakuta mlango umefungwa, au inaingia kwenye barua pepe isiyofunguliwa tena, na ndani yake kuna saratani. Kwa hiyo wiki nane kabla ya kufunga, fungua daftari moja la vipimo vyote vilivyotumwa: jina, namba ya faili, kipimo, tarehe kilipotoka, tarehe jibu liliporudi, nani amemwambia mgonjwa. Mstari haufutwi mpaka safu ya mwisho iwe na saini. Siku ya kufunga, mistari iliyobaki inakabidhiwa kwa daktari mmoja anayejulikana kwa jina, na maabara zinaandikiwa kwamba majibu yaende kwake. Simu na barua pepe za kliniki ziendelee kufuatiliwa angalau miezi sita.

Dawa zinazodhibitiwa, morfini na pethidini, zihesabiwe mbele ya shahidi anayetambuliwa na sheria, daftari lifungwe kwa saini mbili. Zisimwagwe kwenye sinki. Vitabu vya vyeti vya dawa na muhuri viharibiwe, visiachwe kwenye droo, maana muhuri wa daktari mstaafu mikononi mwa mtu mwingine ni hatari.

Njia_Panda

Asante dada, nimenakili yote. Swali: bima ya kulinda taaluma unaikata siku unayoacha kazi?

Kipima_Mapigo

Usikate kabla ya kusoma mkataba una maneno gani. Kuna bima za aina mbili. Ya kwanza inaangalia siku tukio lilipotokea: kama siku ya operesheni ulikuwa umelipia, unalindwa hata dai likija miaka kumi baadaye. Ya pili inaangalia siku dai lilipoletwa. Ukiwa na hii ya pili, umepasua 2024, umeacha kulipa 2025, mgonjwa anadai 2027, unasimama peke yako. Wenye aina ya pili wanatakiwa kununua kinga ya nyongeza ya kufunika madai yatakayokuja baada ya kustaafu. Ulizia masharti yake angalau mwaka mmoja kabla, na uulize pia inalinda warithi wako au la, kwa sababu dai linaweza kuelekezwa kwa mali ya marehemu. Walio hatarini zaidi ni madaktari wa uzazi na wale wa watoto wachanga. Sehemu nyingi muda wa mtoto kudai hauanzi kuhesabiwa mpaka awe mtu mzima.

Leseni nayo ifikirie kivyake. Kuna nchi zinazoruhusu kubaki kwenye orodha ya madaktari bila kuwa na leseni ya kutibu. Jina na heshima vinabaki, ila huandiki cheti cha dawa, hata cha mjukuu. Ukiiomba tena leseni, iwe ni kwa ajili ya kurudi kazini kweli, na baada ya miaka kadhaa nje utatakiwa kusimamiwa kwanza.

Chaki_na_Stetoskopu

Kwa wanaotaka kuendelea bila kubeba zamu, mimi naona kutahini ndiyo kazi inayomfaa mzee kuliko zote, na haipewi uzito inaostahili. Mtihani wa vituo, ule ulioanzishwa na Ronald Harden kule Dundee mwaka 1975, unahitaji watahini wengi kwa wakati mmoja. Mtahiniwa anakaa kila kituo kama dakika 5 hadi 10, kengele inalia, anahama. Mtahini anabaki palepale na karatasi yake ya alama.

Kinachoharibika ni kwamba mtahini mkongwe anajaza alama kwa hisia ya jumla badala ya vipengele vilivyo mbele yake. Tena baada ya watahiniwa ishirini mkono unaanza kuwa mwepesi au mzito bila yeye kujua. Dawa yake: njoo saa moja kabla, watahini wote wa kituo hicho wamtazame mtu mmoja wa majaribio, kila mmoja ajaze kivyake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, zungumzeni kipengele kwa kipengele kabla mlango haujafunguliwa. Na usimfundishe mtahiniwa katikati ya mtihani. Mwalimu wa miaka thelathini anashindwa kujizuia hapo, na anamnyima wa pili alichompa wa kwanza.

Kazi nyingine ya mezani ni kufuatilia usalama wa dawa. Unapokea taarifa kwamba mtu aliyetumia dawa fulani amepata madhara, na unatakiwa kupima kama dawa ndiyo chanzo: ilianza lini, dalili zilianza lini, dawa iliposimamishwa zilipungua, iliporudishwa zilirudi? Uzoefu wa wodini ndio unaokuwezesha kuona kwamba, kwa mfano, manjano ya macho yalianza kabla ya kidonge cha kwanza. Ila muda unabana. Katika majaribio ya dawa, madhara yasiyotarajiwa yanayoua au kuhatarisha maisha hutolewa taarifa ndani ya siku 7, na mengine makubwa yasiyotarajiwa ndani ya siku 15, na hizo ni siku za kalenda, wikiendi zimo. Anayedhani ni kazi ya kufanya akijisikia, aiache.

Kushikia nafasi ya daktari aliye likizo kunaonekana rahisi na ndiko kwenye mitego. Hospitali ngeni, mfumo mgeni wa kompyuta, dawa zilizopangwa tofauti. Kabla ya mgonjwa wa kwanza hakikisha umeona toroli la dharura kwa macho yako, una neno lako la siri, na una namba ya mtu wa kumpigia ukikwama.

Sindano_Tatu

Kuna anayedhani baada ya kustaafu akili ya daktari haina tena kitu kipya cha kutoa. Atazame maisha ya Richard Doll. Alihitimu udaktari katika hospitali ya St Thomas's, London, mwaka 1937. Mwaka 1951 yeye na mtakwimu Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza na uvutaji wao wa sigara, wanaume 34,439. Alistaafu uprofesa Oxford mwaka 1979, akawa mkuu wa kwanza wa Green College, hukohuko Oxford. Mwaka 2004, akiwa na miaka 91, akatoa pamoja na wenzake matokeo ya miaka 50 ya kundi lile: mvutaji wa kudumu hupoteza wastani wa miaka 10 ya maisha, akiacha akiwa na miaka 60 anaokoa karibu 3, akiacha na 50 anaokoa 6, na 40 anaokoa 9, na 30 karibu yote. Tufikirie hilo: majibu hayo yalipatikana kwa sababu madaktari wenyewe walikubali kujaza dodoso zile hadi uzeeni na hadi vifo vyao.

Mama_Wodi

Tusisahau mwili wa daktari mwenyewe. Masikio yanaanza kupoteza sauti za juu. Mlio laini wa vali ya aota (mlango wa moyo kwenye mshipa mkuu wa damu) inayovuja ni wa sauti ya juu, kwa hiyo ndio utakaoupitia bila kuusikia, huku sauti nzito za moyo ukizisikia vizuri na kudhani masikio ni mazima. Pima usikivu kila mwaka kuanzia miaka 60, na kuna stetoskopu za kukuza sauti, tumieni bila aibu.

Kuhusu kumbukumbu, hospitali ya Yale New Haven, Marekani, iliwapima watoa huduma wake 141 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha asilimia 12.7 walikuwa na upungufu wa kutosha kuathiri kazi. Maana yake wengi wako sawa, na wachache hawako sawa, na kwa kuwatazama korido huwezi kuwatofautisha. Kipimo kifanywe na mtu asiye mwanafunzi wako.

Na kila daktari awe na daktari wake. Asiwe rafiki wa karibu, maana rafiki anaona haya kukuuliza kuhusu pombe, usingizi na sonona. Mstaafu anayejiandikia dawa za usingizi mwenyewe yuko hatarini kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kumtibu, kwa sababu hakuna anayehesabu vidonge.

Njia_Panda

Je, kambi za kujitolea? Kuna ninaowafahamu wanapanga kwenda kutoa mtoto wa jicho wiki mbili halafu warudi.

Chaki_na_Stetoskopu

Waende, lakini wapange kuanzia mwisho. Jicho lililopasuliwa linatazamwa kesho yake, linatazamwa tena baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki 4 hadi 6 kwa ajili ya miwani. Ukiondoka siku ya 14, waliopasuliwa siku ya 13 wanabaki na nani? Kama hakuna daktari au muuguzi wa macho wa palepale atakayewaona, operesheni zisimame siku tano kabla ya safari, na siku hizo zitumike kukagua na kukabidhi. Mgonjwa akipata uvimbe wenye usaha ndani ya jicho, saa chache ndizo zinazoamua kama ataona. Leseni ya muda ya nchi hiyo iombwe mapema, nia njema haiwi leseni.

Njia_Panda

Na faili za zamani, zinatunzwa miaka mingapi?

Mama_Wodi

Inategemea sheria ya nchi, uliza baraza la madaktari la kwenu upewe jibu kwa maandishi. Zitenge mafungu mawili mapema: watu wazima, muda wao unahesabiwa tangu walipoonwa mara ya mwisho, watoto, sehemu nyingi unahesabiwa tangu watakapotimiza utu uzima. Kwa hiyo mtoto mchanga uliyemwona mwaka wako wa mwisho ndiye mwenye faili litakaloishi kuliko mengine yote. Andika mwaka wa kuliharibu juu ya jalada lenyewe kwa wino usiofutika, na mwachie anayelitunza orodha ya majina, pia kwa maandishi.