Naombeni ushauri: VW Golf 6 ya 2010, ninunue au nijikalie na Toyota IST?

Wakuu habari za muda, kuna Golf 6 imenikaa kichwani, injini 1.4 TSI (petroli yenye turbo), DSG (gia boksi ya otomatiki ya VW yenye klachi mbili) ya spidi 7 ile ya klachi kavu, isiyopozwa na oili, km 98,000, bei inakaribiana na IST. Nimeenda kuiona Tegeta mara mbili na zote nakuta boneti ya moto, jamaa anayeiuza kashaiwasha, na mimi nilitaka niisikie cheni ya timing kama inagonga injini ikiwa ya baridi (au ndo nina wasiwasi wa bure?). Fundi kachomeka mashine ya kusoma makosa ya gari, haijaonyesha kitu, ila nakaa Mbezi Mwisho, foleni ya Ubungo kila siku, sogea simama sogea simama, na klachi kavu hapo ndo inapopata moto. Mliowahi kuendesha DSG kwenye foleni za Dar, imewasumbua? Na kabla sijalipa nimwambie fundi apime nini kwenye hiyo gia boksi?