Drams: mazoezi ya mwalimu au kusikia tu?

Kijana wa Newala: Wakuu niko Mtwara mjini najifunza drams kanisani, mwalimu kanibana na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, mwezi mzima, kulia kushoto kulia kushoto, wimbo hata mmoja sijagusa, wakati ngoma ya sindimba napiga tangu mdogo bila kuhesabu. Hivi ni lazima?

Mzee wa Besi: Komaa mdogo wangu. Mi nilipuuza, nikawa nashika fimbo kama mpini wa jembe, sasa spidi ikipanda tu kushoto kunagoma na kiwiko kinawaka moto.

Lindi Yetu: Mbona mpiga drams Buddy Rich wa Marekani noti za muziki hakusoma na alitisha?

Mzee wa Besi: Noti sawa, ila mikono ilikuwa safi! Hata wazee wa ngoma wana shule yao, kwanza wanaipasha ngozi motoni ikaze

Kijana wa Newala: Dah, babu alinichapa kwa hilo 😂