Dubai kwa dirham 11,000, mke na watoto wawili: tuondoke pamoja au nitangulie?

Mwana_Temeke

Wakuu, habari za leo. Nimepata ofa ya kazi Dubai, dirham 11,000 kwa mwezi, nyumba najitegemea. Nina mke na watoto wawili, mkubwa miaka minne, mdogo mwaka na nusu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto tunavyo, cha ndoa tunacho kile cha msikitini. Mama watoto anataka tupande ndege wote siku moja. Je, inawezekana? Makaratasi gani niyamalize nikiwa hapa Dar? Na huo mshahara unatosha familia au nitaishi kwa kukopa? Naomba wanaojua hasa. Habari za "Dubai hela ipo" nimeshazisikia vya kutosha.

---

Mzee wa Mihuri

Mkuu, tangulia. Mpe mke miezi miwili au mitatu akusubiri. Visa ya familia haifunguliwi mpaka wewe mwenyewe uwe na ukaazi, na ukaazi wako una foleni yake: kibali cha kuingia, kipimo cha damu na picha ya kifua, alama za vidole za kitambulisho (Emirates ID), ndipo ukaazi. Baada ya hapo akaunti ya benki, halafu nyumba yenye mkataba uliosajiliwa kwa jina lako. Ukiwaingiza kwa visa ya utalii siku hiyo hiyo, siku zao zinahesabika wakati wewe bado unapanga foleni ya vidole, na mnalala hotelini wanne.

Kiwango cha mshahara kisikutishe. Kumdhamini mke na watoto wanataka angalau dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya kampuni. Umevuka mbali. Kinachowakwamisha watu ni vyeti.

Cheti cha ndoa: kile cha msikitini au cha BAKWATA peke yake usikitegemee. Nenda RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi, vifo na ndoa) uhakikishe ndoa yenu imesajiliwa serikalini na upate cheti chenye namba ya usajili. Wengi wanagundua nakala ya mfungishaji haikuwahi kufika RITA, na kulifuatilia hilo ukiwa Dubai kwa simu ni mateso. Cheti cha kuzaliwa nacho kiangalie vizuri: ile karatasi mliyopewa hospitalini ni tangazo la kizazi tu.

Vikishakuwa sawa, mihuri inakwenda kwa mpangilio huu na hairukwi: RITA, Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wa Emirates (Falme za Kiarabu) Dar, halafu ukifika kule, Wizara ya Mambo ya Nje ya Emirates. Mwisho tafsiri ya Kiarabu kwa mtafsiri wa kisheria aliyesajiliwa kule. Usitafsiri Dar, utalipa mara mbili.

Sasa majina. Weka pasipoti nne, vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa mezani pamoja, soma herufi kwa herufi. Pasipoti ya mke imeandikwa "Mwanaisha", cheti cha ndoa "Mwanaasha". Pasipoti ya mtoto ina majina matatu, cheti kina mawili. Kwetu ni kitu kidogo. Kwa karani wa kule ni watu wawili tofauti. Sahihisha kabla ya mihuri, maana cheti kikibadilika mihuri inaanza upya.

---

Dalali Mstaafu

Mwenzangu kamaliza vyeti, mimi niseme hela, maana 11,000 ni nzuri ukishatimiza miezi sita kule. Mwezi wako wa kwanza ndio unaoua.

Kodi Dubai inatajwa kwa mwaka na bado mara nyingi hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wengine mpaka kumi na mbili. Hundi zikiwa nyingi, mwenye nyumba hupandisha bei. Chukua mfano wa nyumba ya 60,000 kwa mwaka, hundi nne:

Hundi ya kwanza 15,000. Amana ya nyumba isiyo na fanicha asilimia 5, yaani 3,000 (yenye fanicha ni 10). Dalali asilimia 5 pamoja na VAT, 3,150, na wengi wana kiwango cha chini ambacho hawashuki. Kusajili mkataba Ejari (mfumo wa serikali ya Dubai wa mikataba ya upangaji), kama 220. Amana ya umeme na maji DEWA kwa fleti, 2,000. Hapo tayari ni 23,370, na hujanunua godoro. Huo ni mshahara wa miezi miwili na zaidi kabla hujala.

Iombe kampuni ikukopeshe kodi ya mwaka na kukukata kila mwezi. Makampuni mengi hufanya hivyo, lakini omba kabla ya kusaini, ukishasaini huna la kushikia.

Kuna vitu viwili watu hawavioni kwenye tangazo. Manispaa inakata asilimia 5 ya kodi ya mwaka kupitia bili ya DEWA. Kwa 60,000 ni 250 kila mwezi. Kisha kuna AC. Majengo mengine baridi linatoka kwenye mtambo wa kampuni nyingine, yenye amana yake na bili yake, na kuanzia Juni mpaka Septemba AC haizimwi. Muulize dalali swali moja tu: "Bili ya AC anailipa nani?" Akizungukazunguka, ni wewe.

Ejari iwe kwa jina lako. Kitanda cha kupanga au chumba cha rafiki hakifungui visa ya familia. Sharjah kodi ni nafuu na wengi huishi huko wakifanya kazi Dubai. Mkataba unagongwa na manispaa ya Sharjah badala ya Ejari. Ila foleni ya barabara asubuhi ihesabu kama sehemu ya kodi.

---

Nyanya_wa_Likoni

Ndugu, wenzangu wamegusa kodi, mimi nizungumzie watoto.

Bima kwanza. Dubai, mwajiri analazimika kukulipia wewe peke yako; mke na watoto ni juu ya mdhamini wao, na mdhamini ni wewe. Abu Dhabi ni tofauti, mwajiri hubeba mke na watoto watatu. Kwa hivyo mtu wa Abu Dhabi akikwambia "kampuni italipa", usimwige. Bima za bei ya chini zina orodha fupi ya kliniki, na mara nyingi unachangia asilimia 20 ya matibabu. Kabla ya kulipa, tazama kama kuna daktari wa watoto karibu na nyumba. Na ikiwa mnapanga mtoto wa tatu, soma ukurasa wa uzazi kabla ya ukurasa wa bei. Mtoto akizaliwa huko mna siku 120 za kumpatia ukaazi, zikipita faini huanza.

Watoto hawapimwi damu kwa ajili ya visa, mke atapimwa.

Kadi ya kliniki ya watoto usiiache. Muuguzi wa shule ataisoma mstari kwa mstari. Huku kwetu hospitali za serikali huchanja surua na rubela; kule ratiba yao ina matumbwitumbwi na tetekuwanga pia, basi tarajia mkubwa kuongezwa sindano. Si kwamba mlikosea.

Shule: za watu wa nje ni za kulipia, na karo ya kila shule imechapishwa kwenye tovuti ya KHDA, mamlaka inayosimamia shule binafsi za Dubai, kwa hivyo usikubali bei ya mdomo. Kuna za chini ya 10,000 kwa mwaka na kuna zinazopita 60,000. Zenye mtaala wa Kihindi huwa za bei nafuu na huanza Aprili. Za Kiingereza huanza mwisho wa Agosti. Ongeza basi na sare, havimo kwenye karo.

Dawa nazo: usibebe tramadol wala dawa ya kikohozi yenye codeine bila cheti cha daktari na kibali cha mamlaka yao. Hata kama kwetu umeipata dukani, kule ni kesi.

---

Mwana_Temeke

Asanteni sana, nimeandika yote. Nimeangalia ofa tena: mshahara wa msingi 4,000, zilizobaki 7,000 zimeitwa posho ya nyumba, usafiri na "nyinginezo". Ni kawaida? Pia wakala wa hapa Dar anadai nilipie visa yangu ya kazi.

---

Mzee wa Mihuri

La wakala kwanza: sheria ya kazi ya Emirates inamkataza mwajiri kukutoza gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa kupitia mtu. Mwandikie mwajiri mwenyewe, umuulize kama anajua.

Posho kubwa ni kawaida, lakini kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, 30 baada ya hapo. Kwa 4,000, mwaka mmoja ni 2,800. Miaka mitano 14,000. Wakipandisha msingi kuwa 6,600, jumla ikabaki ile ile 11,000, miaka mitano ni 23,100. Kila mwezi kampuni inakulipa kile kile, ndiyo maana ni ombi rahisi kukubaliwa sasa kuliko nyongeza.

Na hakikisha unachosaini ni ofa ya wizara ya kazi (MOHRE), ile yenye Kiarabu upande mmoja. Barua ya kampuni yenye nembo nzuri haitakusaidia siku ya ubishi.