Python: vibovu mnaviacha, vizima mnang'oa. Hii maktaba sanifu ni ya nani?

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyependa kusoma apite tu.

Mimi lugha ya programu ya Python ndiyo inayonilisha. Ripoti za mauzo, kulinganisha miamala ya simu na daftari la duka, programu ndogondogo za kusimamia ruta na swichi za wateja. Kazi za kawaida kabisa, zilezile ambazo maktaba sanifu, yaani ule mkusanyiko wa zana (moduli) zinazokuja na Python yenyewe, iliwekwa kwa ajili yake. Tangu zamani tunaimbiwa kwamba lugha hii inakuja na betri ndani. Haya. Mbona betri mbovu haziguswi miaka nenda miaka rudi, eti programu za watu zitaharibika, halafu betri nzima zinang'olewa, eti hakuna wa kuzitunza? Mkijali programu za watu, mjali zote. Kama hamjali, basi rekebisheni yale mabovu tuumie mara moja yaishe.

Nianze na saa na tarehe, maana hapa ndipo nilipoachia usingizi wangu.

Moduli ya datetime iliingia na Python 2.3 mwaka 2003. Ndani yake kuna utcnow(). Jina linakuambia inakupa saa ya UTC, ile saa ya dunia ya kulinganishia, na kweli inakupa, ila tarehe inayotoka haina alama yoyote ya kusema "mimi ni ya UTC". Ni tarehe tupu. Sasa iitie .timestamp(), inayoigeuza kuwa namba ya sekunde, uone. Python inaichukua kama saa ya mahali kompyuta ilipo. Seva nyingi zimewekwa UTC, kwa hiyo kule jibu linatoka sahihi. Kompyuta yako hapa Dar au Nairobi iko UTC+3, kwa hiyo jibu linarudi nyuma saa tatu kamili. Mstari uleule, majibu mawili, na hakuna kosa linalotokea popote. Muamala wa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 unarudishwa saa nne na nusu usiku wa mwezi uliopita. Mwezi umefungwa, ripoti imeshatumwa, mwenye duka anakupigia simu akiuliza kwa nini fedha yake imehama mwezi. Mweleze sasa habari za tarehe tupu akuelewe.

Wamekuja kuitolea onyo la kustaafishwa katika toleo 3.12, Oktoba 2023. Miaka 20! Na ni onyo tu, fankisheni bado ipo.

Kanda za saa ndiyo usiseme. Hadi toleo 3.9 la Oktoba 2020 maktaba sanifu haikuwa inaijua Nairobi wala Kinshasa wala mji wowote. Mtu ulilazimika kwenda kuchukua pakeji ya nje, pytz, na ukiipachika jinsi datetime yenyewe inavyokualika, yaani kwa tzinfo=, basi Africa/Nairobi inakupa UTC+2:27. Ndiyo, saa mbili na dakika 27. Ni saa ya jua ya Nairobi ya enzi za kabla ya kanda za saa, imetulia ndani ya data ikikusubiri wewe. Najua pytz si ya maktaba sanifu, msinikimbilie kwa hilo. Nani alitusukuma kwake?

Kisha ikaja zoneinfo. Tukashangilia. Ukiiwasha kwenye Windows inakuambia haioni kanda, kwa sababu Windows haina ile hifadhidata ya kanda, na Python haikuiweka. Inabidi upakue pakeji ya tzdata. Betri imo ndani, asidi kanunue dukani. Na mafundi wengi ninaofanya nao kazi wako kwenye Windows, tena kwa bando la kupimiwa.

Kingine hapo hapo, fromisoformat(). Iliingia 3.7 mwaka 2018, na mpaka 3.11 ya Oktoba 2022 ilikuwa haisomi tarehe inayoishia na herufi Z. JavaScript ndivyo inavyoandika tarehe zake. Huduma nyingi za mtandaoni ndivyo zinavyotuma. Kwa hiyo miaka minne dunia nzima ilikuwa inaandika .replace("Z", "+00:00") na kuona ni jambo la kawaida. Nyaraka zilijitetea kwamba fankisheni ile haikukusudiwa kusoma kila aina ya tarehe za ISO. Basi msingeipa jina hilo.

Twende kwenye kufungua faili. open("majina.csv"), kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi. Usipotaja encoding, yaani mpangilio wa kugeuza baiti kuwa herufi, Python inatumia ule wa mfumo wa kompyuta, na Windows nyingi za huku zipo kwenye cp1252, mpangilio wa zamani, huku faili zenyewe zikiwa UTF-8, ule wa kisasa. Watu hudhani Kiswahili kimesalimika kwa sababu hakina vinukta na vikofia juu ya herufi. Hakijasalimika. Tuna ritifaa ya ng'. Word na simu nyingi huipindisha ile ritifaa yenyewe, na ikishapinda si ASCII tena, yaani si zile herufi za msingi zinazosomeka sawa kwenye kila mpangilio. Orodha ya wanafunzi au ya wanachama wa SACCOS ukiisoma kwa njia hiyo, Ng’wandu anatoka Ngâ€™wandu. Ng’ang’a ndiye anaumia zaidi, yeye anapigwa mara mbili. Hakuna kosa, hakuna onyo, jina la mtu linachapwa hivyo hivyo kwenye cheti. Na ukiandika CSV kwenye Windows bila newline="" unapata mstari mtupu kati ya kila safu. Mwanafunzi atajuaje? Anaambiwa asome nyaraka. Tatizo ambalo kila anayeanza analigonga si la nyaraka tena, ni la chaguo-msingi.

UTF-8 kuwa chaguo-msingi imekubaliwa, PEP 686 (PEP ni pendekezo rasmi la kubadilisha Python), imepangiwa 3.15 mwaka 2026. Python 3 ilitoka Desemba 2008 kwa maelezo makubwa kwamba inakuja kumaliza fujo za herufi. Walivunja programu za dunia nzima kwa hoja hiyo, tukahama, ya 2.7 ikazikwa Januari 1, 2020. Na katika vunjavunja ile yote, open() waliitengeneza upya lakini wakaiacha itegemee encoding ya mfumo wa kompyuta. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa kabisa. Nyumba imejengwa upya, mlango mpya ukawekewa kufuli bovu.

urllib, moduli ya kuchukua vitu mtandaoni, sitaisema sana. Fungua tu nyaraka za urllib.request zenyewe, utakuta zinakushauri utumie pakeji ya Requests ambayo haimo kwenye maktaba sanifu. Wenyewe wamekiri.

Haya, huo ndio upande wa vibovu vinavyolindwa. Sasa vizima.

PEP 594. Toleo 3.13, Oktoba 2024, moduli 19 zimeng'olewa kwa mpigo. Nitakuwa mkweli, nyingi sikuzililia. Nani analia sunau au nis? Lakini telnetlib! Njooni mtaani muone. Watoa intaneti wadogo, mashule, ofisi za wilaya, wana swichi za zamani ambazo mlango wao pekee ni telnet, njia ya zamani ya kuamrisha kifaa kwa mbali. Mtu ataniambia telnet si salama, nywila inapita uchi. Najua, mkuu. Swichi ndiyo haijui. Mimi sikuinunua swichi, nimeikuta ukutani, na mwenye nayo hana bajeti ya nyingine. Moduli yenyewe ni faili moja la Python tupu, haina C ndani, imekaa kimya miaka chungu nzima haimsumbui mtu. Kulitunza faili lisilobadilika ni kazi gani?

cgi, ya kupokea fomu za tovuti, nayo imekwenda, na crypt ya nywila. Bado kuna fomu zinaishi kwenye hosting za bei poa kwa cgi. Mwenye hosting akipandisha toleo usiku, asubuhi fomu zimekufa, na anayepigiwa simu ni wewe uliyeiandika mwaka juzi.

Kabla ya hapo, 3.12 iling'oa distutils, zana ya kusakinisha pakeji, na toleo hilohilo likaacha kuweka setuptools, mrithi wake, kwenye kila venv mpya (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi mmoja). Vyote viwili kwa pamoja! Kuna pakeji za zamani hapo zilizokuwa zinasakinishwa bila neno, siku hizi zinakutemea "No module named 'distutils'", na kijana anayejifunza anadhani kompyuta yake ina virusi.

Watetezi watasema tulionywa. Hapo ndipo damu inanichemka zaidi, kwa sababu onyo lenyewe limefichwa. DeprecationWarning, onyo la kitu kinachostaafishwa, kwa kawaida haionyeshwi. Tangu 3.7 inaonekana pale tu inapotokea ndani ya __main__, yaani faili unaloliendesha moja kwa moja. Programu yoyote ya kazi ina mafaili mengi, na kilichopitwa na wakati kimejificha kwenye faili la saba au ndani ya pakeji ya mtu mwingine. Onyo linatolewa, halionekani, kipindi kinapita, kitu kinaondolewa, kisha unaambiwa ulionywa. Ili ulione lazima uwe tayari unajua uendeshe kwa -W default au -X dev. Anayejua hayo hakuhitaji kuonywa. Serikali ya mtaa ikibandika tangazo la bomoabomoa ndani ya kabati lake lililofungwa tutasema wananchi walitaarifiwa?

Na haya yanakuja kila Oktoba. Tangu 3.9 ratiba ni toleo moja kwa mwaka, PEP 602, kila toleo lina miaka mitano ya uhai. Kwa kampuni kubwa yenye kikosi cha kusasisha, sawa. Kwa fundi mmoja mwenye wateja waliotawanyika mikoa mitatu, kila Oktoba ni kukagua nani kang'olewa mwaka huu. Majina kama collections.Mapping yalihamishiwa collections.abc mwaka 2012 na ya zamani yakafutwa 3.10 mwaka 2021. Yale majina ya mkato yaliyokuwa yamebaki pale yalikuwa yanamdhuru nani? Na wakati huo unittest bado ina assertEqual na setUp, logging bado ina getLogger na basicConfig, herufi kubwa katikati ya jina, kinyume cha mwongozo wao wenyewe wa PEP 8. Usafi unaanzia kwa jirani.

Kitu cha mwisho, na hapa nalalamika kwa niaba ya wanafunzi. Kijana anasakinisha Debian 12, aina ya Linux, anaandika pip install, amri ya kusakinisha pakeji, kama alivyoona kwenye video, anapewa "externally-managed-environment". Sababu naielewa, ni kuzuia pip isiharibu Python ya mfumo, na ni sababu nzuri. Ila njia ya kupita wameipa jina --break-system-packages. Kijana akinakili tu kutoka mtandaoni anavunja, akiogopa anaacha kujifunza. Ukimwambia atengeneze venv, anakuuliza ile tuliyofundishwa na mwalimu ilikuwa virtualenv, na mwingine kaambiwa conda, na mwingine poetry, na juzi kuna aliyekuja na uv. Lugha ya kwanza kwenye orodha ya TIOBE ya umaarufu wa lugha za programu tangu 2021 bado haina jibu moja la swali "nisakinishe vipi pakeji". Mgema kasifiwa, wakuu.

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Anayesema "ni ya bure, usilalamike", nakuelewa, na wanaojitolea kuitunza nawaheshimu, wengi hawalipwi hata senti. Lakini kazi ya kung'oa nayo inafanywa na watu haohao kwa muda uleule. Mtu akipata muda wa kuandika pendekezo la kuondoa moduli 19 na kulitetea hadi likubaliwe, muda upo.

Aliyeniambia nihamie lugha ya Go: nimeigusa. Ile ahadi yao ya Go 1 ya mwaka 2012, kwamba ulichoandika kitaendelea kukubalika, ndiyo hasa ninayoiombea huku, na net/http yao, ya kazi za mtandao, haikuelekezi kwa jirani. Ila sitahamisha kazi za wateja wote kwa sababu ya hasira, na mfumo wao wa kutaja muundo wa tarehe kwa kuandika tarehe ya mfano ya mwaka 2006 nao una vituko vyake. Tusidanganyane.

Aliyeuliza nataka nini hasa: onyo lionekane kwa kila mtu bila kuomba. Kisha moduli iliyokufa iachwe izeeke mahali pake, na kibao kikubwa "haitunzwi", badala ya kutolewa nje.

Kwa wenye shida ya telnetlib: chukueni telnetlib.py ya toleo 3.10 muiweke kwenye folda ya mradi, import itaikuta. Ukichukua ya 3.12 futa kwanza mstari wa onyo ulio juu, la sivyo 3.13 itaikataa. Na kama kuna mdau anayesimamia swichi za zamani kwa njia nyingine isiyohitaji kupakua nusu ya intaneti, aweke hapa chini, nina tatu za kushughulikia kesho asubuhi.